Maneno Yetu na Kisanduku cha Kutafutia

Hotuba mbele ya wakutubi, walimu wa skuli, wanafunzi wa vyuo na wananchi, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh, waheshimiwa, wakutubi wenzangu, walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie kozi za mtandaoni zinazomfundisha msomaji wa maktaba namna ya kutafuta kwenye katalogi, ile orodha ya vilivyomo maktaba, na kwenye hifadhidata za utafiti, ghala za makala za mtandaoni. Nitazizungumzia. Lakini naomba ruhusa nianzie Wawi.

Kutoka ukumbi huu hadi Wawi si safari ya kufungia mzigo. Pale ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Kwa miaka yote hiyo maabara ile, pamoja na Wizara ya Afya na watafiti wa nje, imekuwa ikichunguza minyoo na kichocho kwa watoto wa kisiwa hiki. Wazazi waliomo humu ndani wanakumbuka karatasi za ridhaa, wengine walitia saini, wengine dole gumba. Watoto walipewa vikopo skuli, wakarudi navyo, vikaandikwa namba. Kazi ile imechapishwa. Imo kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na tangu mwaka 1997 mtu yeyote, popote alipo, anaruhusiwa kuitafuta bila ya kulipa senti moja.

Sasa toa simu yako, ufungue PubMed, uandike "kichocho". Yatakuja machache mno. Futa, uandike "schistosomiasis" pamoja na "Pemba". Hapo utasogeza kidole mpaka kichoke. Ugonjwa ni ule ule na watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni jina tu, na jina hilo mama wa yule mtoto hakuambiwa na mtu.

Hili linaniuma, na sitaki kulificha. Tumetoa mikojo yetu, damu zetu, muda wetu, tukajibu maswali ya watu wenye madaftari, na elimu iliyotoka humo imewekwa kwenye sanduku ambalo halikufungwa hata kwa kufuli. Limefunguliwa wazi. Sisi hatulifikii kwa sababu tunaligongea kwa jina ambalo lenyewe halilijui.

Ugonjwa huo una jina la tatu, bilharzia, kutokana na Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani aliyemgundua mnyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Makala nyingi za zamani zimeandikwa kwa jina hilo. Lakini ukiandika "bilharzia" kwenye PubMed leo, hupotei, kwa sababu nyuma ya kile kisanduku kuna orodha kubwa ya istilahi iliyoanzishwa mwaka 1960, na orodha hiyo inajua kwamba bilharzia na schistosomiasis ni kitu kimoja. Inakushika mkono inakupeleka. Kuna watu walikaa wakaiandika, neno kwa neno, wakisema: hili na hili ni ndugu. Kichocho hakikupata mtu wa kukitambulisha.

Kwa hiyo ninaposema "kufundisha kutafuta", nakusudia kwanza kabisa kufundisha majina. Mtu akishajua kwamba kitu kimoja kina majina matatu, manne, matano, na kwamba katalogi imechagua moja kati ya hayo bila ya kumuuliza yeye, ameshavuka nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuyapanga majina hayo, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapowaona wanafunzi wetu wakianguka kila mwaka, na si kwa uzembe wao. Wanaangushwa na lugha.

Ukimtuma mtoto soko la Chake akuletee ndizi na muhogo, kikapu kitarudi kizito kuliko ungemtuma ndizi peke yake. "Na" yetu inaongeza. Ukimwambia alete ndizi au muhogo, atarudi na kimoja. "Au" yetu inapunguza. Tumekua hivyo, tunanunua hivyo, tunaoa na kuolewa hivyo. Kwenye hifadhidata mambo yamegeuka. Pale "na", ambayo tunaiandika AND kwa herufi kubwa, inapunguza, na "au", tunayoiandika OR, inaongeza. Mantiki hii ni ya George Boole, mwanahisabati wa Kiingereza, aliyeichapisha mwaka 1854, zaidi ya miaka mia kabla hakujakuwa na hifadhidata ya kuitumia.

Kwa nini imegeuka? Kwa sababu mashine haikujazii kikapu. Makala zote tayari zimo ndani yake, mamilioni, na kazi yake ni kuchuja. Ukisema schistosomiasis AND Pemba, unaiambia: nibakishie zile tu zenye vyote viwili. Kila AND unayoongeza ni chujio jengine. Ukisema schistosomiasis OR bilharzia, unakuwa kama mtu aliyekaa mlangoni kwenye harusi na kuambiwa: yeyote mwenye jina moja kati ya haya, mpitishe. Watapita wengi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea simu yake akiwa amekata tamaa. Alikuwa ameandika schistosomiasis OR Pemba, akafikiri amesema "kichocho, na kiwe cha Pemba". Mashine ikamletea kichocho cha Brazil, cha Misri, cha Uchina, na ikamletea kila kitu chenye neno Pemba, na humo ndimo lilimo balaa jengine: kuna mji unaoitwa Pemba kaskazini mwa Msumbiji, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado. Akawa anasoma habari za vita na gesi, anajiuliza vimefika lini Wete. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alitafuta kwa Kiswahili sahihi mahali ambapo sarufi ni nyengine.

Ndiyo maana somo la mwanzo la kozi tuliyoitengeneza wenyewe halina picha ya hifadhidata yoyote. Lina karatasi iliyogawanywa safu mbili za wima. Safu ya kwanza unaandika kitu chako kwa majina yake yote unayoyajua, na safu ya pili unaandika mahali, kwa majina yake yote: Pemba, Unguja, Zanzibar, na kwa maandiko ya zamani hata Chakechake kwa neno moja au kwa kistari katikati. Maneno yaliyo ndani ya safu moja yanaunganishwa kwa OR, na safu kwa safu zinaunganishwa kwa AND. Hifadhidata nyingi zina ukurasa wa utafutaji wa kina wenye visanduku vilivyopangwa hivyo hivyo, kwa hiyo anayekuja na karatasi yake ananakili tu. Karatasi kwanza, simu baadaye.

Nikupeni mfano wa karatasi hiyo ikifanya kazi.

Binti mmoja wa chuo, kwao upande wa Micheweni, mama yake analima mwani. Mnajua kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka hapa Pemba, na wanaoulima zaidi ni wanawake. Binti huyu alitaka kuandika mradi wake juu ya kile alichokuwa akikiona tangu utoto: mwani unageuka mweupe ncha zake, unalainika, unakatika, na kamba inabaki tupu. Alikuja mezani kwangu na daftari dogo la kurasa 48, jalada limepata maji ya chumvi. Kwenye simu alikuwa ameandika sentensi nzima, kwa nini mwani unakuwa mweupe na kukatika Pemba, na katalogi ikamjibu kwa ufupi kwamba hakuna matokeo.

"Mwalimu," akaniambia, "hakuna aliyeandika habari hii."

"Wameandika, mwanangu. Hawajui kama wewe unaiita hivyo. Hebu niambie, mama huo mwani unaokufa anauitaje?"

"Kotonii. Ule mwengine, spinosum, unavumilia."

Nikamwambia aandike yote mawili kwenye safu ya kwanza. Yeye alidhani ni maneno ya wanunuzi, maneno ya bandarini, hayafai kuingizwa kwenye mradi wa chuo. Kumbe mama yake alikuwa anataja majina ya kisayansi ya zamani. Kotonii ni Eucheuma cottonii, ambayo wataalamu sasa wanaiita Kappaphycus alvarezii, na spinosum ni ile ambayo sasa wanaiita Eucheuma denticulatum. Wataalamu wamebadilisha, biashara imebaki na ya zamani, na mama wa Micheweni ameshika ufunguo mkononi miaka yote hiyo bila ya kuonyeshwa mlango wake. Tukaongeza neno la Kiingereza la mwani, seaweed. Tukaongeza na Marine algae, kwa sababu katalogi kubwa zinazofuata vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani huuweka mwani chini ya jina hilo.

Kisha tukatafuta ugonjwa wenyewe. Unaitwa ice-ice. Jina hilo halikutoka maabara, lilitoka kwa wakulima wa mwani wa Ufilipino. Wakulima waliuita ugonjwa kwa jinsi walivyouona, watafiti wakaliandika neno lao kama lilivyo, na leo mtu wa Norway au Japani akitaka kuusoma ugonjwa huo analazimika kuandika neno la mkulima wa Ufilipino. Naomba mlishike hili, nitalirudia mwishoni.

Binti alipounganisha safu zake mbili, kati ya yaliyokuja ilikuwemo ripoti nzima ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2020 juu ya magonjwa ya mwani hapa Zanzibar, ya kupakua bure, na mmoja wa waandishi wake ni Dkt. Flower Msuya, aliyeufanyia utafiti mwani wa visiwa hivi kwa miaka mingi. Nikamuonyesha pia jarida la sayansi za bahari la Bahari ya Hindi Magharibi, linalochapishwa na WIOMSA, jumuiya ya sayansi za bahari ambayo makao yake yako Unguja. Makala zake zinapatikana kwenye AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hivi vyote vilikuwepo?" Vilikuwepo.

Sasa niseme machache juu ya Kiswahili chenyewe kama lugha ya kutafutia, kwa sababu kozi zinazotoka nje haziwezi kutufundisha hili. Zitakwambia weka alama ya nyota (*) mwishoni mwa neno ili mashine ikuletee jamaa zake wote. Kwa Kiingereza inafaa, maana maneno yao mengi hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo, kulima, ukulima: weka nyota mwishoni utakavyo, hawa hawatakutana. Na hifadhidata nyingi hazikubali nyota mwanzoni mwa neno. Hakuna njia ya mkato. Anayetafuta kwa Kiswahili lazima aandike umoja na wingi, mtenda na tendo, na kuviunganisha kwa OR. Na anayetafuta habari za Kiswahili chenyewe akumbuke kwamba Wajerumani, walioandika sana juu ya lugha hii, waliiita Suaheli.

Halafu majina ya watu. Sisi Wazanzibari hatuna jina la ukoo kwa namna ya Ulaya. Mtu ana jina lake, la baba yake, la babu yake, basi. Katalogi inachukua la mwisho na kulitanguliza. Msomaji anakuja kumtafuta mwandishi wetu Said Ahmed Mohamed kwenye herufi S, hamwoni, anaondoka. Yumo kwenye M, chini ya jina la babu. Huko huko utamkuta na Mohamed Suleiman Mohamed. Majina yenye asili ya Kiarabu ndiyo yanayosumbua zaidi: marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, kadhi na mwanachuoni wetu, utamkuta Farsy, utamkuta Farsi, utamkuta al-Farsi, na Abdalla yenye h mwishoni au isiyokuwa nayo. Asiyejua atasema maktaba haina kitu chake. Na kuna tofauti moja ambayo vijana wa fasihi wanaihitaji: kumtafuta Abdulrazak Gurnah kwenye sehemu ya mwandishi kutakuletea alichokiandika yeye, na kumtafuta kwenye sehemu ya mada kutakuletea yaliyoandikwa juu yake. Tangu alipopata Nobeli mwaka 2021 hayo ya pili yamekuwa mengi, na mwalimu wako ndiyo anayoyataka kwenye insha yako.

Wa kilimo nao wasisahau karafuu. Jina lake la sasa ni Syzygium aromaticum, lakini ukitaka kusoma walichokiandika watafiti wa zamani wakati mikarafuu ya visiwa hivi ilipokuwa ikifa ghafla, tafuta pia Eugenia. Hata kuvu mmoja waliyemweleza kutokana na mikarafuu hiyo walimwita Valsa eugeniae, kwa jina ambalo mti wenyewe umelivua.

Nije kwenye kozi zenyewe. Mafunzo ya aina hii kwa njia ya mtandao si mapya. Maktaba za vyuo vikuu vya Marekani zilianza kuyaweka mtandaoni miaka ya mwisho ya 1990. Nimesoma mengi, na baadhi yake ni mazuri sana. Research4Life, ushirika unaozifikishia nchi kama yetu majarida ya utafiti, wana kozi yao ya bure, naipendekeza kwa wakutubi wote na kwa wauguzi na madaktari. Ndio hao hao wanaotoa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili nchi kama yetu zisome majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja: chuo, hospitali, ofisi ya serikali. Kwa hiyo ukifika kwenye makala ukaambiwa ulipe dola 30 au 40, usitoe, na usikate tamaa. Muulize mkutubi wako kama mnalo neno la siri la Hinari. Kama taasisi haijasajiliwa, huo ndio ugomvi wa kwenda nao kwa mkuu wako, na mimi nitakusindikiza.

Lakini kozi ya kuletewa ina kasoro zake, na nyingi ya kasoro hizo tulizirudia wenyewe tulipotengeneza ya kwetu mara ya kwanza. Tulirekodi video ya dakika 50. Kijana mmoja wa Kojani akanipigia simu kuniambia kwamba aliitazama dakika 12, bando lake la siku likamalizika, na katika dakika hizo alikuwa hajasikia hata neno moja la namna ya kutafuta. Alisema kwa adabu kabisa, "Samahani, mwalimu." Nilikaa na maneno yake usiku kucha. Kijana ametoa fedha yake ya bando, na sisi tumeitumia vibaya.

Kosa la pili lilikuwa kufundisha vitufe. Bonyeza hapa, kushoto, kile cha buluu. Baada ya miezi michache hifadhidata ile ikabadilisha sura yake, kitufe cha buluu kikahamia kulia na kuwa kijani, na wanafunzi wakaandika kwamba kozi imeharibika. Kweli ilikuwa imeharibika. Nilijifunza kwamba hifadhidata hubadili sura kila mara, na kile kinachobaki ni lile swali na ile karatasi ya safu mbili. Anayejua kupanga maneno yake hatashindwa na kitufe kilichohama, atakitafuta mwenyewe.

Sasa kila somo ni ukurasa mmoja wa maandishi na sauti ya dakika nne au tano, faili dogo linalopita kwenye WhatsApp. Kwa wasiokuwa na mtandao wa kutegemea tunalitia kwenye kadi ya kumbukumbu na kuwapa walimu waende nalo. Kila somo lina kazi moja tu, na kazi hiyo si ya kuchagua a, b au c. Tuliziondoa zile. Mtu anaweza kupata alama zote kwenye maswali ya kuchagua na bado asijue kutafuta. Kazi ya somo la pili, kwa mfano, ni hii: tuletee kitu kimoja unachokijua kwa mikono yako, na majina yake matatu. Mmoja akaleta dagaa, mwengine popo wa Pemba. Mmoja akaleta maradhi ya bibi yake, akitaka kumtafutia habari.

Kazi hizo zinasomwa na mtu. Hapa wenye kupanga bajeti wananiuliza, kama kozi iko mtandaoni, mkutubi wa nini tena? Jibu langu ni kwamba kupata matokeo sifuri kunaweza kuwa kosa, kupata matokeo 40,000 kunaweza kuwa kosa, na kupata 12 mazuri kunaweza kuwa kosa pia kama yale muhimu yamekosekana. Mashine inayosahihisha haiwezi kuona kilichokosekana. Mtu anayeijua katalogi na anayekijua kijiji anakiona. Kozi imenipunguzia kusema jambo moja mara mia mbili, na muda huo nimeupata kwa ajili ya yule binti wa daftari la maji ya chumvi.

Na niwatahadharishe vijana: hizi programu za akili mnemba mnazoziuliza maswali zinaweza kukutungia makala isiyokuwepo, ikiwa na mwandishi, mwaka na namba za kurasa. Nimeletewa orodha ya marejeo kumi, nikakaa na mwanafunzi tukayatafuta moja moja, na manne hayakuwepo duniani. Ukipewa rejea na programu, ipeleke kwenye katalogi. Isipopatikana huko wala kwenye tovuti ya jarida lenyewe, usiiandike.

Wakutubi wenzangu, nawageukia nyinyi sasa. Nimesema kuna orodha inayojua kwamba bilharzia na schistosomiasis ni ndugu, na haijui kichocho. Hatuna mamlaka juu ya orodha ya Marekani. Juu ya katalogi zetu tunayo. Maktaba zinazotumia Koha, ile programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand, na ambayo jina lake kwa Kimaori ni zawadi, zinaandika rekodi za vitabu kwa mpangilio wa MARC, uliotengenezwa miaka ya 1960. Ndani ya MARC mna sehemu yenye namba 653. Sehemu hiyo imewekwa kwa ajili ya maneno ya mada yasiyotoka kwenye orodha yoyote rasmi. Huhitaji ruhusa ya mtu. Kitabu kimekuja kimeandikwa Schistosomiasis, unakiacha kama kilivyo, unashuka kwenye 653 unaandika kichocho. Kitabu cha Marine algae, unaandika mwani, unaandika kotonii. Ni kazi ya nusu dakika kwa kitabu. Kuanzia hapo mama akiandika neno lake, mlango unafunguka, hata kama hakusoma kozi yetu hata siku moja.

Wakulima wa Ufilipino walilitoa neno lao na likaandikwa. Nimeleta karatasi. Zinaanza kuzunguka kutoka upande wa madirisha, na kalamu zimo kwenye bakuli pale mezani. Kila mmoja aandike neno moja la kazi yake au la kijijini kwake, la baharini, la shamba, la hospitali, la jikoni, na mbele yake aandike jina jengine la kitu hicho kama analijua. Asiyelijua aache wazi, tutalitafuta sisi. Asiyeandika amwambie aliye karibu naye amwandikie.

Mama yake yule binti yumo humu, mstari wa tatu. Yeye na wenzake wanalo neno lao la mwani unaogeuka mweupe. Aliniambia asubuhi, na sikulitaja hapa kwa makusudi, nataka alitie mwenyewe. Bibi, karatasi ya mwanzo ije kwako. Kesho saa mbili tukifungua maktaba, hilo ndilo tutakaloanza nalo.